Kikombe cha Bati

Baba alilamba magadi miaka kumi na tisa.
Hakuyaita dawa. Aliyaita kizimamoto,
akayabeba kwenye mfuko wa koti
pamoja na kadi ya chama cha ushirika,
na kila baada ya mlo alichovya kidole,
akacheua, akasema, "Sasa limetulia."

Halikuwa limetulia.

Kazi yangu ni kukata nyama za watu
katika maabara ya hospitali, hapa Moshi,
chumba kisicho na dirisha upande wa mlima.
Kipande kama punje ya mtama
nakizika ndani ya nta, nakikata chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nakipaka rangi, nakilaza chini ya hadubini.
Cha ndugu hatukati. Cha Baba alikikata Ndeonasia,
kisha akanipigia simu: "Njoo uone. Au usije."

Nilikwenda.

Vipo pale, ndani ya ute, vimejikunja kama parafujo.
Watu husema tindikali ya tumbo huua kila kitu.
Hivi, kila kimoja hujizungushia kiwingu cha amonia,
harufu ya zizi la mbuzi,
kikapita katikati ya moto bila kuungua.
Na havina haraka.
Kwanza ukuta huwa mwekundu, miaka na miaka.
Kisha tezi hukonda, moja moja,
kama mibuni ya babu kule Uru
bei ilipoanguka na hakuna aliyepogolea.
Kisha (hapa nilikisogeza kioo mara mbili)
tumbo linasahau kuwa ni tumbo.
Linajifanya utumbo. Mtu kang'oa kahawa kapanda nyanya:
mipaka ni ile, mfereji ni ule,
ila si kihamba tena.
Na kutoka hapo, si kwa wote, kwa wachache,
seli zinaacha kupanga foleni.
Zinapandiana mabegani.

Kwa nini yeye? Vijidudu hivi wanavyo wengi,
na wengi watazikwa na jambo jingine.
"Chumvi," alisema daktari. "Sigara. Damu ya ukoo. Bahati."
Alivitaja kama mtu anayetafuta funguo mifukoni.

Baada ya arobaini tukapimwa, watoto wanne.
Wanne tunavyo.
Vidonge siku kumi na nne, asubuhi na jioni,
mdomo una ladha ya sarafu.

Mama aliuliza swali moja tu, akimenya ndizi,
bila kunitazama:
"Vinaingiaje?"
Nikasema, utotoni mara nyingi. Maji. Mate. Chombo kimoja.
Kisu kikasimama.
"Nilikuwa nawatafunia," akasema.
"Wewe hasa. Ulikuwa humezi mpaka nitafune kwanza."

Nikamwambia mfereji. Nikamwambia kata ya mbege
inayozunguka msibani, midomo thelathini.
Nikamwambia kwamba hakuna kioo
kinachoonyesha nani alileta.
Yote kweli.
Akaendelea kumenya, maganda yakiwa mazito,
yeye ambaye hapotezi hata unyuzi wa ndizi.

Alfajiri nikakuta jani la isale mezani,
limepigwa fundo,
juu ya pakiti ya vidonge vyangu.

Isale halikataliwi. Hilo nalijua tangu sijaota meno.
Lakini kulipokea ni kusema: ndiyo, ulikosa.
Nilisimama nalo, umande ukinishukia kiganjani,
mimi ninayejua majina ya hatua zote tano
na sijui hii.

Nikalifungua fundo. Nikalipasua kwa urefu.
Nusu nikamrudishia.
"Jumatatu na wewe utapimwa," nikasema.

Akachota maji kwa kikombe cha bati,
kile chetu sote,
akaninyooshea. Akasita.
Akaenda kabatini kutafuta kingine.